Selimundu nyumbani: mwongozo wa dalili za kila siku na maudhi ya dawa

Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopinda seli za damu, uitwao pia sikoseli, anaweza kuwa anacheza mpira uani huku Hb yake, yaani kipimo cha wingi wa damu, ikiwa 7. Mtu mwingine akikutwa na 7, watu wanaanza kutafuta kitanda. Naanzia hapo kwa sababu mambo mengi huharibika pale anayemhudumia mgonjwa asipojua kawaida yake ni ipi. Mhudumu mgeni anaona 7, anaogopa, anaandika aongezewe damu isiyohitajika. Au mtoto ambaye siku zote huwa na 8.5 analetwa na 5, viganja vimepauka, halafu anaambiwa, "Hawa wa sikoseli ndivyo walivyo."

Mimi ni mama wa kijana mwenye SS, yaani selimundu yenyewe. Tunaishi Tororo, Uganda. Si daktari wala muuguzi. Haya ni yale tunayofundishwa kliniki, pamoja na yale ambayo akina mama hufundishana kwenye benchi wakisubiri kuitwa. Dozi nilizozitaja zitakusaidia kuielewa karatasi ya daktari wako, hazichukui nafasi yake.

Na wala hatuko wachache. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2014 na 2015 kwa sampuli za damu za watoto wadogo zaidi ya 97,000 ulikuta asilimia 13.3 wamebeba kirithi cha selimundu (S) na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe. Bundibugyo na maeneo ya kaskazini kama Gulu na Lira yako juu zaidi ya hapo. Baba anayemwambia mkewe "ugonjwa huu umetoka kwenu" ajue kwamba mtoto hawezi kuwa na SS bila kurithi S moja kwa mama na nyingine kwa baba. Wazazi wote wawili wakiwa AS, yaani wamebeba S moja tu bila kuwa na ugonjwa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta SS, na mimba iliyopita haipunguzi wala haiongezi nafasi ya ijayo.

Hatua ya kwanza: daftari

Kliniki zetu za serikali hutumia daftari la shule kama faili la mgonjwa, na wengi tunalichukulia kama tiketi tu ya kuingilia. Lako lifanye kazi zaidi. Ukurasa wa kwanza usiachiwe daktari. Uandike wewe, kwa herufi kubwa, mtu asiyekujua ausome kwa dakika moja saa nane za usiku. Weka:

- Jina, mwaka wa kuzaliwa, na wapi SS ilithibitishwa
- Kundi la damu na uzito wa karibuni
- Hb akiwa mzima: andika tatu za mwisho pamoja na tarehe. Zilizopimwa wakati wa ugonjwa usizichanganye hapa
- Oksijeni akiwa mzima, ile inayosomwa na kile kibanio cha kidoleni
- Wengu (bandama): haushikiki, au unashuka vidole vingapi chini ya mbavu
- Dawa zote na dozi, na dawa zinazomdhuru
- Damu aliyoongezewa: tarehe, chupa ngapi, sababu, na kama ilimletea shida
- Namba mbili za simu, ya mzazi na ya mtu wa pili anayejua habari zake

Hiyo Hb na oksijeni ndiyo silaha yako. Oksijeni ya 93 kwa mtoto ambaye kawaida yake ni 98 ni jambo zito, lakini bila kumbukumbu, mhudumu hana cha kulinganishia. Siku ya kliniki mtoto akiwa mzima, omba apimwe hata kama hakuna anayelalamika, ukaandike.

Piga picha ya ukurasa huo kwa simu, umtumie shangazi, jirani na yeyote anayebaki na mtoto. Nyuma ya jalada sisi hubana kwa stepla bahasha ndogo yenye pesa ya boda ya usiku. Haiguswi, hata sukari ikiisha.

Kujifunza kushika wengu

Hili nalirefusha kwa sababu linaokoa watoto wadogo na wazazi wengi hawajaonyeshwa. Wengu uko upande wa kushoto, chini ya mbavu. Kwa mtoto wa SS wa miaka ya mwanzo unaweza kunasa damu ndani yake kwa saa chache, ukavimba, na mtoto akaishiwa damu huku hajatoka hata tone nje.

Mlaze chali, magoti yakunjwe, tumbo lilegee. Mpe kitu cha kuchezea. Akilia tumbo hukaza na hutahisi kitu. Pasha vidole vyako joto. Anza chini kabisa upande wa kushoto karibu na nyonga, ubonyeze polepole ukipanda kuelekea mbavu, ukisubiri avute pumzi. Wengu uliovimba unagusa ncha za vidole kama ukingo mgumu unaoteleza. Ukianzia juu karibu na mbavu, wengu mkubwa unaweza kuwa chini ya kiganja chako muda wote usitambue.

Kisha chukua mrija wa soda au kijiti laini. Ncha moja iwe kwenye chuchu ya kushoto, na pale wengu unapoishia weka alama kwa kalamu. Kijiti hicho kikae kwenye daftari. Pima mara moja kwa juma, na kila anapokuwa mnyonge. Wengu ukipita alama ghafla, mtoto amepauka, anapumua haraka au analala tu, usisubiri kupambazuke. Muombe muuguzi akuonyeshe mara moja kwa mikono yake, ndipo maelezo haya yatakaa kichwani.

Mambo ya kila siku

Maji kwanza. Figo za mtu mwenye selimundu hazijui kubana mkojo, kwa hiyo anapoteza maji mengi hata asipotoka jasho. Mtu mzima ahesabu kama lita 3 kwa siku, yaani chupa sita za nusu lita. Mtoto wa kilo 10 lita moja hivi, na yule wa kilo 20 lita moja na nusu. Siku ya jua kali, ya kuharisha au ya homa, ongeza. Chai, uji na juisi vinahesabika. Pombe kama malwa na waragi havihesabiki, vinakausha.

Matokeo yake ni kukojoa kitandani, hata kwa kijana wa miaka 12. Hapa naomba wazazi wapunguze ukali. Si uvivu, na dawa yake si kumnyima maji jioni. Ukimnyima, asubuhi ataamka na maumivu ya miguu. Tandika nailoni chini ya shuka, mwamshe mara moja usiku, yaishe.

Baridi ni adui wa pili. Anayekaa nyuma ya boda alfajiri bila jaketi anaweza kufika na mikono inauma tayari. Mvua ikimnyeshea, badilisha nguo papo hapo, usingoje zikaukie mwilini. Maji ya kuoga yawe vuguvugu. Wanaoishi kwenye baridi ya Kapchorwa au Kabale, sweta na soksi si pambo kwa mtoto huyu.

Malaria ndiyo inayotuua zaidi ya tunavyokiri. Wanaobeba AS wana kinga fulani dhidi ya malaria kali, na kwa sababu hiyo watu hudhani mwenye SS naye amekingwa. Si hivyo, malaria humvunja damu ambayo tayari ni kidogo. Chandarua kila usiku, na dawa ya kinga ambayo kliniki imekuandikia isirukwe, mara nyingi ni Fansidar ya kila mwezi. Mwaka 2025 Uganda ilianza kutoa chanjo ya malaria kwa watoto wachanga, kwa hiyo mwenye mtoto mdogo aulize kituoni. Chanjo ya nimonia iko kwenye ratiba ya kawaida tangu miaka ya 2010. Hakikisha hakuna dozi iliyorukwa.

Penisilini ya kunywa hupewa watoto hadi miaka mitano: kwa kawaida miligramu 125 asubuhi na jioni kabla ya miaka mitatu, kisha 250. Wazazi huiacha kwa sababu mtoto haonekani mgonjwa, lakini inapewa ili asiugue. Folik asidi, vitamini ya kusaidia kutengeneza damu, ni kidonge kimoja kwa siku, haina maudhi ya kusumbua.

Jambo moja la kukataa kwa sauti: sharubati na vidonge vya madini ya chuma. Jirani akiona mtoto amepauka anakuletea chupa ya "kuongeza damu". Damu ya selimundu haipungui kwa kukosa chuma; inapungua kwa sababu seli zinavunjika mapema, na chuma kilichokuwa ndani yake kinabaki mwilini. Aliyeongezewa damu mara nyingi ana chuma cha kupita kiasi. Usimpe mpaka kipimo kionyeshe kinahitajika. Mchicha (ebbugga na doodo), maharage na dagaa wa mukene ni chakula kizuri, ale.

Homa: hapa hakuna kusubiri

Nunua kipimajoto. Kugusa shingo kwa kiganja hakutoshi. Ikisoma 38 au zaidi, kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama saa hii anacheza. Wengu wa mtoto mwenye SS huacha kufanya kazi mapema, na bakteria wanaweza kumuua ndani ya siku moja.

Atapimwa malaria, na huenda ikaonekana. Hapo uliza kwa adabu: "Daktari, huyu ni SS, na bakteria tunawafanyaje?" Malaria kwenye kipimo haimaanishi kwamba hakuna kitu kingine kwenye damu. Kliniki nyingi humpa antibayotiki ya sindano pamoja na dawa ya malaria mpaka hali ieleweke. Panadol mpe homa ishuke, ila kushuka kwa homa kusikufanye ugeuze boda njiani.

Pamoja na homa, hizi nazo ni za kuondoka nyumbani mara moja:

- Kifua kuuma, kukohoa, au kupumua kwa shida
- Upande mmoja wa mwili kulegea, mdomo kupinda, maneno kuvurugika, degedege, kichwa kuuma vikali ghafla. Hicho huenda ni kiharusi, na watoto wa SS hukipata
- Kupauka ghafla, wengu kuvuka alama
- Uume kusimama wenyewe na kukataa kulala kwa saa mbili
- Kutapika kila anachokunywa
- Maumivu yasiyoguswa na dawa za nyumbani

Kituo cha afya cha ngazi ya tatu (Health Centre III) kinaweza kuanza maji na sindano ya kwanza. Damu na oksijeni mara nyingi ni ngazi ya nne au hospitali. Jua mapema, siku ambayo hakuna anayeumwa, kipi kilicho karibu nawe kina damu usiku.

Maumivu yakianza

Kwa mtoto mchanga dalili ya kwanza mara nyingi ni mikono na nyayo kuvimba, na watu husema amefungwa vibaya mgongoni. Baadaye maumivu huhamia miguuni, mgongoni, kifuani.

Usiwe shujaa. Dawa inayotolewa maumivu yakiwa 3 kati ya 10 hufanya kazi ambayo haiwezi tena yakifika 8. Mpe maji vikombe viwili, mfunike, weka kitambaa cha moto au chupa ya maji moto iliyofungwa taulo mahali panapouma. Barafu kamwe. Kumkanda taratibu kwa mafuta kunasaidia. Kumkanda kwa nguvu au kumchanja hakusaidii, na chale huleta vidonda.

Parasetamoli kwanza: miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila saa sita, mtu mzima vidonge viwili vya 500, visizidi vinane kwa siku. Isipotosha, ongeza ibuprofeni juu yake, usiibadilishe. Mtoto ni miligramu 10 kwa kilo kila saa nane, mtu mzima 400, baada ya kula. Ibuprofeni isizidi siku chache, na asiipate mwenye vidonda vya tumbo, mwenye shida ya figo, mjamzito, au aliyekaushwa na kuharisha.

Sasa hili la maduka ya dawa. Ukiingia na mtoto anayelia, atachomwa diklofenaki kwenye tako kabla hujamaliza kueleza. Diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu wa tumbo moja. Ukizitumia pamoja hupati nafuu mara mbili, unaziumiza figo mara mbili. Sema ulichompa nyumbani na saa uliyompa. Na sindano hizo za haraka haraka huacha majipu.

Andika kwenye daftari: saa, mahali, kiwango kati ya 0 na 10, dawa uliyotoa. Mtoto asiyejua kuhesabu mwonyeshe kwa mikono: imebanwa ni haumi, imetanuliwa kabisa ni maumivu makubwa kuliko yote.

Akilala siku nzima kwa maumivu ya kifua au mgongo, anaogopa kuvuta pumzi na mapafu hayafunguki. Kila saa mbili akiwa macho avute pumzi kumi za ndani kabisa. Watoto hukataa mazoezi lakini hawakatai puto. Mnunulie maputo, apulize.

Mofini, na hofu yake

Uganda ina bahati ambayo nchi nyingi hazina. Mofini ya maji ya kunywa hutengenezwa hapa hapa, kazi iliyoanza na Hospice Africa Uganda, shirika la huduma ya kutuliza maumivu la Dk. Anne Merriman, mwaka 1993, na tangu 2004 sheria inawaruhusu wauguzi waliosomea huduma hiyo kuiandika. Hutiwa rangi kutofautisha nguvu, kwa hiyo ukipewa rangi usiyoizoea, usimimine dozi ya zamani; uliza kwanza.

Wazazi huikimbia kwa kudhani ni ya wanaokufa, au kwamba kijana atakuwa mraibu. Kwa maumivu makali, kwa siku chache, chini ya uangalizi, ni dawa kama nyingine. Maudhi yake yanajulikana. Choo kigumu huja karibu kwa kila mtu, na hakiishi chenyewe: omba dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo unayopewa mofini, ongeza maji na papai. Kichefuchefu na usingizi hupungua baada ya siku mbili tatu. Kuwashwa mwili kunatibika, mwambie daktari, usiache dawa kimya kimya. Kinachotisha ni usingizi usioamshika na pumzi chache zinazoachana mbali. Hapo usimpe dozi nyingine, mpeleke. Chupa ifungiwe mahali, na dozi ipimwe kwa bomba la sindano, siyo kwa kijiko cha chai.

Haidroksiurea bila woga

Hii ndiyo dawa iliyobadilisha nyumba yetu. Inaufanya mwili utengeneze ile damu ya utotoni, ambayo haipindi, na hivyo maumivu, nimonia na kulazwa hupungua. Zamani palikuwa na hofu kwamba kwenye nchi yenye malaria italeta balaa. Utafiti uliofanywa kwa watoto katika hospitali ya Mulago, Kampala, na kuchapishwa 2017 haukuona malaria ikiongezeka, na mwingine uliochapishwa 2020 ulionyesha kwamba kupandisha dozi hatua kwa hatua hadi pale mwili unapohimili ni bora kuliko kubaki na dozi ndogo.

Dozi ya kuanzia huwa karibu miligramu 20 kwa kilo, mara moja kwa siku. Haina haraka. Ipe miezi mitatu hadi sita kabla hujasema haifanyi kazi. Wengi huiacha mwezi wa pili kwa sababu maumivu yamerudi mara moja, na hapo ndipo ilipokuwa inaanza.

Kuimeza: saa ile ile kila siku. Ikileta kichefuchefu inywe usiku baada ya posho (ugali). Ukisahau leo, kesho meza moja tu, usirudishie. Kapsuli isifunguliwe ovyo. Kwa mtoto asiyeweza kumeza, kliniki itakuonyesha namna ya kuchanganya na maji. Anayeishika anawe mikono kabla na baada, na mama mjamzito au anayenyonyesha asiguse unga wake, amwachie mtu mwingine au avae glavu.

Maudhi ya kuonekana: kucha hupata mistari myeusi, viganja na ngozi huweza kuwa vyeusi zaidi, nywele kwa wengine hupungua kidogo. Hayana madhara. Binti yako akiona kucha zimebadilika na hajaambiwa, atadhani amerogwa, kwa hiyo mwambie mapema.

Maudhi yasiyoonekana ndiyo ya kupimwa. Dawa inaweza kushusha seli nyeupe na chembe za kugandisha damu. Picha kamili ya damu hupimwa kila wiki nne hivi mwanzoni na kila dozi inapopandishwa, kisha kila miezi miwili au mitatu. Kliniki nyingi husimamisha dawa kwa muda seli za nyutrofili (aina ya seli nyeupe) zikishuka chini ya 1.0 au chembe za kugandisha chini ya 80, halafu huirudisha zikipanda. Kusimamishwa hivyo si kushindwa. Vidonda vya mdomoni, koo linalouma na homa, fizi au pua kutoka damu: nenda upimwe kabla ya dozi inayofuata. Kwenye karatasi hiyo ya majibu utaona pia MCV, kipimo cha ukubwa wa seli nyekundu. Ikipanda polepole mwezi hadi mwezi, dawa inamezwa na inafanya kazi. Kijana anayekuambia "nameza" huku anazitupa chooni, MCV itamtaja.

Na mazungumzo ambayo wazazi huyakwepa: dawa hii haifai wakati wa mimba, na kwa wanaume hupunguza mbegu, ingawa kwa wengi hali hurudi wakiiacha. Mwanamke anayeitumia apate uzazi wa mpango. Sindano ya miezi mitatu au kipandikizi huwafaa wengi wenye selimundu. Anayetaka mtoto, yeye au mwanamume, aongee na daktari miezi kadhaa kabla.

Dawa huisha kliniki. Rudi ukiwa umebakiza za wiki mbili, usingoje kidonge cha mwisho, wala usinunue kapsuli zisizo na pakiti.

Akiongezewa damu

Damu ya serikali hutoka Uganda Blood Transfusion Service, makao yake Nakasero, na mgonjwa hatozwi. Wachangiaji wakubwa ni wanafunzi, ndiyo maana likizo zikifika friji huwa tupu. Ndugu wenye afya wachangie muhula unapofungwa. AS wengi wanaruhusiwa, waulize pale pale.

Dakika 15 za kwanza usiondoke kitandani kwake. Kutetemeka, homa, mgongo kuuma, vipele, kukosa pumzi: mwite sista afunge bomba kwanza, maelezo baadaye. Siku na wiki mbili zinazofuata angalia mkojo. Ukiwa wa rangi ya Coca-Cola na mtoto anazidi kupauka, rudi. Damu nayo isizidishwe: Hb ikivuka 10 kwa mtu mwenye SS damu huwa nzito na huweza kuleta kiharusi. Kila chupa iingie kwenye daftari. Zikifika kama kumi, uliza kuhusu kupima chuma.

Mengine kwa ufupi

Macho ya manjano ni ya kila siku kwa wengi na hayaambukizi. Yakizidi kuliko kawaida yake, pamoja na homa au maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu, huenda ni vijiwe vya nyongo.

Uchovu: apumzike kabla hajachoka. Michezo aruhusiwe, maji yawe karibu, akisema basi iwe basi.

Kidonda cha kifundo cha mguu huchukua miezi kupona. Kioshe kila siku kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa na kutiwa chumvi kidogo, kifunikwe, mguu uinuliwe anapokaa. Unga wa kapsuli za antibayotiki usinyunyizwe juu yake. Soksi na viatu vilivyofunika huzuia kile cha kwanza.

Uume kusimama kwa maumivu huwapata wavulana wengi nao hunyamaza kwa aibu. Mwambie kabla hajafika kubalehe, au amwambie mjomba wake, maana kwa mama hatasema. Akojoe, anywe maji, aoge maji ya moto, atembee. Saa mbili zikipita ni hospitali. Kusimama huko kukidumu saa nne kunaweza kumharibu maisha.

Kuanzia miaka kumi hivi macho yapimwe kwa daktari wa macho mara kwa mara. Anayechechemea wiki nzima bila kuanguka apigwe picha ya nyonga. Na ukifika hospitali kubwa kama Mulago, uliza kama kipimo cha mishipa ya damu ya kichwani kinapatikana kwa mtoto wa kati ya miaka 2 na 16. Kinaonyesha hatari ya kiharusi kabla hakijatokea.

Shule ya bweni

Wengine watakuambia asiende kabisa. Mimi sikubaliani, ila usimwache getini na sanduku ukaondoka. Onana na matroni na mwalimu wa darasa ana kwa ana, ukiwa na barua ya kliniki na nakala ya ukurasa wa kwanza wa daftari. Waombe haya kwa majina yake: chupa ya maji darasani, ruhusa ya kwenda msalani bila kuomba mara tatu, maji vuguvugu ya kuoga au kuoga mchana badala ya saa kumi na moja alfajiri, sweta hata siku isiyoruhusiwa, kutochota maji kisimani kwa jerikani za lita 20, kutofyeka nyasi juani kama adhabu, na kitanda cha chini chenye chandarua.

Haidroksiurea ikae kwa matroni, kwa hesabu ya siku za muhula pamoja na za akiba, na mtoto atie sahihi kila anapomeza. Parasetamoli na chupa ya maji moto vikae kwa mtoto mwenyewe. Mkubaliane kwa maandishi kwamba homa ya 38 haisubiri mzazi afike: anapelekwa, ndipo simu inapigwa. Siku ya kutembelewa hesabu kapsuli zilizobaki kabla hujafungua chakula, na mtoto akifika Senior One (mwaka wa kwanza wa sekondari) aanze kuujaza ule ukurasa wa kwanza kwa mkono wake.